Maswali ya Wasomaji: Anemoni wa Zulia Katika Tangi Dogo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi katika nyumba ya kupanga Tabata na nina tangi la maji ya bahari la lita 80, ambalo sasa lina miezi mitatu. Ndani yake nimeweka mawe ya matumbawe, mchanga wa kina cha vidole viwili, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeupe niliowanunua dukani. Mvuvi mmoja wa Kunduchi ameniahidi kwamba bamvua lijalo ataniletea anemoni wa zulia kutoka upande wa kisiwa cha Mbudya. Je, ataishi? Na ni kweli kwamba samaki wangu hawawezi kustawi bila yeye? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa tangi ulilolieleza jibu ni hapana, na ninaomba uniruhusu nieleze sababu kwa kirefu, kwa kuwa barua za namna hii zinatufikia mara nyingi na viumbe hawa wanakufa bure.

Wanaoitwa anemoni wa zulia ni aina tatu za jenasi moja: Stichodactyla haddoni, Stichodactyla gigantea na Stichodactyla mertensii. Ni wanyama, jamaa wa matumbawe na konyeza, ingawa wengi huwadhania kuwa mimea. Haddoni huzika mwili wake mchangani na kutandaza juu ya mchanga sahani ya minyiri mifupi iliyosongamana, ambayo kwa mnyama mzima hufikia upana wa nusu mita na zaidi. Gigantea hukaa kwenye maji mafupi yenye mwanga mkali na mkondo, na minyiri yake hutikisika bila kutulia. Mertensii hujishikiza kwenye mwamba na anaweza kupita upana wa mita moja. Ukimfunua upande wa chini utaona vidoadoa vya rangi ya chungwa au zambarau. Tangi la lita 80 kwa kawaida lina urefu wa sentimeta 60 hivi. Hata aliye mdogo kati ya hawa watatu, akikua, atafunika sakafu yote, na chochote kitakachogusa minyiri yake kitachomwa, isipokuwa samaki waliozoea kuishi ndani yake. Haddoni hasa ana sumu kali na hula samaki waliolala au waliodhoofika.

Ukubwa, hata hivyo, si tatizo la kwanza kwa mkazi wa Dar es Salaam. Tatizo la kwanza ni kwamba maji machache hubadilika haraka, na anemoni huyu hustahimili mambo mengi isipokuwa mabadiliko ya ghafla. Anahitaji joto la nyuzi 25 hadi 27 na chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita. Mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi katika jiji letu hupita nyuzi 31 mchana, na maji ya tangi dogo huufuata mwendo huo kwa saa chache tu. Wengi hutatua jambo hili kwa kuelekeza feni kwenye uso wa maji, na ni njia nzuri, kwani hushusha joto kwa nyuzi mbili au tatu. Lakini feni hushusha joto kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukiondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, tangi lako lina maji yapatayo lita 65. Lita tano zikipotea katika siku chache za joto, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 38 kwa lita. Kisha mwenye tangi anagundua jioni kwamba maji yamepungua, anamimina lita tano za maji yasiyo na chumvi kwa mkupuo, na mnyama ambaye mwili wake karibu wote ni maji anapata mshtuko wa pili. Katika tangi la lita 400, upungufu huohuo wa lita tano hausumbui sana.

Maji ya kujazia nayo yachaguliwe kwa uangalifu. Ya bomba yana klorini, ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi na madini yasiyojulikana kiasi chake, kwa hiyo tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi na madini, na uyaongeze kidogo kidogo kila siku. Usichote maji ya bahari karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, hasa wakati wa masika.

Miezi mitatu pia ni michache. Ndani ya mwili wa anemoni huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Ndio unaompa rangi ya kahawia au kijani. Bila taa zenye nguvu zinazokusudiwa matumbawe, mwani huo hufa na mnyama hugeuka mweupe. Joto nalo huleta maafa hayohayo, kama matumbawe ya pwani yetu yalivyopauka mwaka 1998. Kwa hiyo ukiona dukani anemoni mweupe pe, usivutiwe na weupe wake, kwa sababu huyo ni mgonjwa mwenye njaa. Tangi linalompokea linapaswa kuwa limekaa angalau mwaka mmoja, amonia na nitriti, yaani sumu zitokanazo na uchafu wa viumbe, zikiwa sifuri kila unapopima.

Kuhusu ahadi ya mvuvi, ninakusihi uikatae. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na sasa yanalindwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya mwaka 1994. Kuchukua mnyama humo ni kosa. Hata pasingekuwa na sheria, anemoni hawa huishi miaka mingi mno na hawazaliani kwa haraka, na kila mmoja anayeng'olewa kwa kisu kwenye mwamba huwaacha samaki wanaojificha kwenye minyiri yake bila kimbilio, wakaliwa. Mguu wake, yaani sehemu ya chini anayojishikizia, ukichanika wakati wa kung'olewa, atakufia nyumbani hata ungekuwa na tangi la lita elfu moja.

Samaki wako wasikutie wasiwasi. Wenye mikanda mitatu myeupe kama ulivyowaeleza si wa pwani yetu. Asili yao ni bahari za upande wa Thailand, Indonesia na kaskazini mwa Australia. Baharini humhitaji anemoni kwa sababu ya maadui, na katika tangi lisilo na maadui wanakula, wanakua na hata kutaga mayai bila yeye. Mara nyingi hujichagulia kona ya jiwe au tumbawe laini wakalifanya makao. Kwa lita 80, matumbawe laini yaliyokuzwa kwa vipandikizi ndiyo ninayokupendekezea kwa moyo mmoja.

SWALI: Nina tangi la lita 400 lenye umri wa miaka miwili. Anemoni wangu aina ya haddoni, niliyemnunua hivi karibuni, anatembea kwenye kioo, na jana alinywea kabisa akatoa vitu vya kahawia mdomoni. Je, anakufa? (Msomaji, Mbezi Beach)

JIBU: Kunywea peke yake si dalili ya kufa. Anemoni hana njia nyingine ya kutoa uchafu isipokuwa mdomo huohuo anaolia, na hujikunja kwa saa kadhaa kisha akatanuka tena. Angalia mdomo wenyewe: ukiwa umefumba, minyiri ikinata kwenye chakula, mvumilie. Ukiwa wazi muda wote, matumbo yakitokeza, mwili ukilegea na kutoa harufu ya uozo, mtoe saa hiyohiyo, kwa kuwa mzoga wa ukubwa huo unaweza kuwaua samaki wote kabla hakujapambazuka.

Kutembea kunaonyesha kwamba hajapata mahali. Haddoni hutaka mchanga wa kina cha sentimeta 10 hadi 15, wenye jiwe bapa chini yake la kushikiza mguu. Mwandalie mahali hapo, mbali na pampu, na uvishe kila mdomo wa pampu wavu au sponji leo hii, maana anayetembea usiku huvutwa na kukatwakatwa. Usimbandue kwa nguvu. Ikibidi kumhamisha, vaa glavu na upitishe kadi laini ya plastiki chini ya mguu polepole. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inatosha kuwahifadhi wote kwa saa kadhaa. Iwe tayari karibu na tangi.

SWALI: Nimlishe nini, na mara ngapi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Kipande cha samaki au kamba mbichi asiyetiwa chumvi wala viungo, kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mara moja au mbili kwa juma, kinatosha. Kiweke taratibu kwenye minyiri kwa koleo la plastiki. Kipande kikubwa hutapikwa baada ya siku moja na kuharibu maji. Ukikikuta kimetemwa, kiondoe, na safari inayofuata umpe nusu yake.