Ng'ombe hawaingii kwenye databezi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Mpwapwa, nimetengeneza mfumo wa kurekodi bei za mnadani kwa PHP na databezi ya MySQL, fomu inatuma kwa jQuery bila ukurasa kujipakia upya. Mbuzi anaingia, kondoo anaingia, hadi punda, ila nikiandika ng'ombe inaleta era, na kijiji cha Ng'ambi hivyohivyo. Cha ajabu simu ya kaka yangu inapitisha. Kuna mtu kaniambia nitoe tu kale kaalama ka juu yaishe. Nifanyeje?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kazi. Usiitoe hiyo ritifaa! Ngombe sio neno, halafu ritifaa ndo imekuonyesha mlango wako uko wazi. Nadhani kodi yako ya PHP inabandika alichoandika mtu moja kwa moja, inakuwa hivi:

VALUES ('ng'ombe', 650000)

MySQL ikifika kwenye 'ng' inaona alama imefunga, neno limeisha, mara inakuta ombe imebaki nje haielewi ni kitu gani, inagoma. Leo ni ombe, kesho mtu mwenye nia mbaya anachomeka amri yake palepale na databezi inaitii, anaweza kusoma hata taarifa za wauzaji wako wote.

Tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na databezi, amri inatangulia na nafasi tupu (hizo ?), data inafuata peke yake:

$q = $db->prepare("INSERT INTO bei (mnyama, shilingi) VALUES (?, ?)");
$q->execute([$mnyama, $shilingi]);

Hapo mtu aandike chochote, kinabaki kuwa maneno, hakigeuki amri. Na usitegemee kukagua kwa jQuery peke yake, ile inafanya kazi kwenye simu ya mtumiaji na mtu anaweza kuiruka akatuma moja kwa moja kwenye seva.

Sasa simu ya kaka yako. Kuna simu zinaipinda ritifaa zenyewe, inakuwa ’ badala ya ', na MySQL haioni kama ni ya kufunga, ndo maana inapita, lakini ukija kutafuta ng'ombe utapata wa kwako tu, wa kaka hawaonekani kwa sababu kwa databezi hayo ni maneno mawili tofauti. Kabla ya execute weka $mnyama = str_replace("’", "'", $mnyama); Mnyama mi ningeweka wa kuchagua kwenye orodha kabisa, majina ya vijiji ndo waachie waandike.

Zile rekodi za kaka zilizokwishaingia, chukua bakapu kwanza halafu zirekebishe kwa amri moja ya UPDATE, kabla ya mnada unaofuata.