Barua kwa mwanangu: waya wa pili

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema una laki tano mkononi, unataka kuanza kurekodi nyimbo zako kwenye kompyuta, hapo hapo chumbani kwako Dodoma. Unaniuliza: ununue maiki ya kondensa ya USB uchomeke moja kwa moja, au uchukue intafesi ndogo, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, pamoja na maiki ya kawaida? Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila nikilisoma najikuta nawaza waya wa gita.

Unaujua ule wimbo ambao ukipigwa redioni mimi huinuka nikatoka nje. Marehemu mama yenu aliwaambia siipendi sauti ya mwimbaji. Alinisitiri tu.

Ilikuwa 1983. Zama zile bendi ya dansi ikitaka isikike nchi nzima ilikwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kurekodi kwenyewe kulikuwa kupiga wote kwa pamoja, kuanzia tarumbeta hadi tumba, mkanda unazunguka. Akikosea mmoja, mnarudi mwanzo nyote. Mimi nilishika rithim. Asubuhi ile, kwa kutaka gita lilie vizuri siku kubwa kama hiyo, nikavua nyuzi zote nikafunga mpya. Na waya mpya, mama, hulegea mpaka uzoee. Tulipoingia kwenye kiitikio, waya wa pili ukashuka. Kidogo sana, kama sauti ya mtu aliyechoka. Nikausikia. Tukamaliza. Fundi mitambo akauliza, "Vipi, imekaa?" Kiongozi wetu akatutazama mmoja mmoja. Ilikuwa mara ya tano tunaupiga, na mpuliza saksafoni alikwishaanza kuipangusa ya kwake kwa leso. Nikatazama viatu vyangu. Nikanyamaza.

Miaka zaidi ya arobaini sasa wimbo ule unapigwa, na waya ule unashuka pale pale.

Ndiyo maana huwa nawaambieni: sikio kwanza, chombo baadaye. Kabla hujatoa hata shilingi, kaa kitandani usikilize chumba chako, mchana na usiku. Kondensa husikia kila kitu: feni ya kompyuta, bodaboda barabarani, jirani akiosha vyombo, na sauti yako mwenyewe ikikurudia kutoka ukutani. Maiki ya dainamiki, kama hizo Shure SM58 zilizojaa majukwaani, aina iliyoanza kuuzwa 1966, huchukua zaidi kilicho karibu na mdomo, wala haihitaji zile volti 48 ambazo intafesi huipa kondensa. Tundika blanketi zito nyuma yako unapoimba. Kama kuna kabati, lifungue, nguo zinameza mwangwi. Hedifoni ziwe za kufunika masikio kabisa, la sivyo mlio utavuja uingie kwenye maiki. Programu ya kurekodia isikuumize kichwa: Audacity ni ya bure, na REAPER inakupa siku 60 za kuijaribu.

Ila hesabu matundu. Wewe huimba huku unapiga, na lile gita nililokuachia halina pikapu, kile kinasa sauti cha ndani ya gita cha kuchomekea waya. Ukitaka sauti na gita kila kimoja kipite njia yake kwa wakati mmoja, unahitaji maiki mbili na intafesi yenye matundu mawili ya maiki. Maiki moja ya USB itavichanganya humo humo, na ukishavichanganya kuvitenganisha ni kazi.

Lakini nikiandika "sikio kwanza" naona kama najidanganya. Sikio nilikuwa nalo. Kilichokosekana mle ndani ni mtu wa kusema "turudie", na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Hapo ndipo ninapokuonea wivu, na hapo hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Wewe utarudia mara mia, hakuna wa kukunja uso. Lakini hakuna pia wa kukuuliza imekaa au haijakaa. Utajiuliza mwenyewe saa saba za usiku, macho mazito, na huenda ukafuta kilicho kizuri kwa sababu tu umekisikia mno. Kaka yako alipokuwa mdogo alikuwa akiuimba wimbo ule jikoni, na akifika kwenye kiitikio alishusha sauti pale pale waya uliposhuka. Aliamini ndivyo ulivyotungwa. Mama yenu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, lakini hadi leo, nikiusikia akilini, nausikia kwa sauti yake yeye. Sasa nikwambie nini? Kwamba ningesema turudie? Ningesema. Nadhani ningesema.

Kuhusu kununua kipi, nimekwishaandika jibu mara mbili na mara mbili nimelikata. Ukisoma vizuri hapo juu utaona moyo wangu uko wapi. Lakini fedha ni zako, na chumba unakijua wewe. Naomba moja tu: utakachonunua, kaa nacho wiki mbili ukiimbia chochote, kabla ya wimbo unaoupenda.

Kisha nitumie huo wa kwanza kama ulivyo, kabla hujarekebisha kitu. Kaka yako ataniazima hedifoni zake. Safari hii nikisikia waya umeshuka, nitasema.

Baba yako