Kifaa Kimoja, Watu Wawili: Nilivyomtembeza Mama Ngome ya Edinburgh

Nilikodi vifaa viwili vya kusimulia historia ya ngome, changu na cha Mama, na hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza. Nilimvalisha hedifoni juu ya mtandio, nikabonyeza namba ya kituo cha kwanza, nikamwona anatabasamu lile tabasamu la mgeni aliyewekewa chakula asichokijua. Baada ya dakika mbili akaivua.

"Mwanangu, huyu anasema vizuri sana. Ila sijui anasema nini."

Mama ni mkunga mstaafu wa Tanga. Ana miaka 71, na magoti yake nayo yana hesabu zao. Kiingereza cha kwenye mafaili ya wodi anakisoma bila shida, lakini hiki cha kusemwa haraka kinampita kama basi la mkoani. Alikuja Leeds, huku Uingereza, kunisalimia Julai moja, nami kwa kimbelembele nikakata tiketi za treni, mwendo wa saa tatu hivi, akaone ngome ya wafalme wa Scotland. Nilidhani kifaa ndicho kitakachomtembeza, mimi nipige picha. Lugha zimo kadhaa mle ndani, Kiswahili hakimo. Basi mimi ndiye niliyegeuka kifaa.

Sasa kila kiangazi jamaa zangu wa huku Uingereza wananiuliza: wageni wanakuja, Edinburgh inafaa? Inafaa. Ila kuna namna ya kuiendea.

Kwanza tiketi. Ina saa yake ya kuingia, na ukiinunua mapema mtandaoni unalipa pungufu kuliko mlangoni, hasa miezi ya joto ambapo zinaweza kwisha kabisa. Chukua ya mwanzo kabisa, saa tatu na nusu asubuhi. Ukifika saa tano utapanda ukiwa umebanwa na vikundi vya watalii na bendera zao. Agosti, kama hupendi msongamano, ikimbie: mji mzima uko kwenye matamasha, na uwanja wa mbele ya lango umejaa majukwaa ya watazamaji wa maonyesho ya bendi za kijeshi.

Pili miguu. Ngome imekaa juu ya mwamba wa volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na pande tatu ni genge tupu. Unaingilia upande mmoja tu, wa mashariki, ambako barafu ya zamani iliacha mteremko, na juu ya mteremko huo ndipo barabara ya mji wa kale inapopanda. Ukishaingia bado unapanda. Njia ni ya mawe ya mviringo, na ikinyesha yanateleza kama sabuni. Mama alikuwa na viatu vyake vya Idi, vya kisigino kifupi. Nilimwambia vitafaa. Havikufaa.

Ukipita lango la ndani, kushoto utaona ngazi za mawe zinakwenda moja kwa moja hadi kileleni. Ndiyo njia ya zamani. Ni vipandio 70, Mama alivihesabu kwa sauti na kunitazama kila baada ya kumi. Njia ya kuzunguka ni ndefu lakini ya taratibu, na ndiyo ya kupita na mzee. Lipo pia gari dogo la kuwapandisha wenye shida ya kutembea, ila uulizie mwenyewe pale mwanzo. Mimi sikuuliza. Nililiona likishuka wakati sisi tuko kipandio cha hamsini na kitu, na sikumwonyesha Mama.

Turudi kwenye kifaa. Ni kitu kama simu ya zamani: kila kituo kina namba, unaibonyeza, sauti inaanza kusimulia, na mara nyingi mwishoni inakuuliza kama unataka kusikia zaidi. Watu wengi wanakifuata kama askari wa gwaride. Namba moja, namba mbili, namba tatu, wamesimama mbele ya ukuta huku macho yako hewani. Saa mbili baadaye wamechoka, na ukiwauliza wameona nini wanakuambia "historia ni ndefu".

Ubora wa kifaa uko kwenye kitufe cha kusimamisha. Mwongozaji wa kibinadamu humkatizi ovyo, ni utovu wa adabu, lakini hiki unakikata katikati ya neno. Nilichofanya ni kukaa na Mama kwenye benchi, nikavaa mimi peke yangu, nikasikiliza dakika moja, nikasimamisha, nikamhadithia kwa maneno yangu. Akiuliza swali, tunaongea mpaka liishe. Akikaa kimya, naendelea au naruka. Ndiyo maana nasema chukua kimoja kwa watu wawili, hata kama wote mnakijua Kiingereza. Watu wawili wenye hedifoni wamekwenda sehemu moja, lakini hawakutembea pamoja.

Hadithi iliyomkamata ni ya mwaka 1314. Ngome ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Thomas Randolph, aliyekuwa mtu wa mfalme wa Scotland, Robert Bruce, alitaka kuirudisha, na kwa mbele haikuwezekana. Akajitokeza mtu anaitwa William Francis. Alipokuwa kijana aliwahi kuishi ngomeni, na usiku alikuwa akitoroka kwa kushuka genge kwenda kumwona msichana wake mjini, kisha anapanda tena kabla hakujakucha. Njia anaijua kwa vidole. Akawaongoza watu 30 gizani, wakapanda mwamba, wakaruka ukuta, na ngome ikaanguka.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo nchi imekombolewa na mtoro!" Akaniomba nimsogeze pale pembezoni aone genge lenyewe. Akachungulia, akarudi nyuma, akasema huyo msichana lazima alikuwa mzuri.

Kama ningekuwa bado nafuata namba kwa mpangilio, hadithi hiyo ingepita kati ya nyingine mbili za mageti, na tungeisahau kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya kuiteka, Bruce aliamuru ngome ibomolewe adui asipate pa kurudi. Kikaachwa kikanisa kimoja kileleni, nacho ndicho jengo kongwe kuliko yote Edinburgh. Nenda hapo kwanza, kabla watu hawajajaa. Mfalme David wa Kwanza alikijenga kama mwaka 1130 kwa kumbukumbu ya mama yake, Malkia Margaret, aliyefariki humo ngomeni mwaka 1093, siku chache baada ya kuletewa habari kwamba mume wake na mwanawe mkubwa wameuawa vitani. Ndani ni kadogo, watu ishirini wakiingia mnagusana mabega. Hapo zima kifaa kabisa. Tulikuwa sisi na mlinzi tu, Mama akaweka kiganja kwenye jiwe la ukuta na hakusema kitu kwa muda mrefu. Baba alifariki miaka minne iliyopita.

Nje ya mlango huo limelala zinga la mzinga linaloitwa Mons Meg. Limetengenezwa mwaka 1449 katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, na Mfalme James wa Pili akapewa zawadi mwaka 1457. Lina uzito wa tani sita hivi, na lilirusha mawe ya kilo 150. Kulisafirisha vitani ilikuwa balaa, lilikwenda kama kilomita tano kwa siku. Watoto wanalipenda. Ukiwa nao, waache hapo wachungulie mdomo wake, kisha uwaonyeshe chini kidogo makaburi ya mbwa wa askari, kila mmoja na kijiwe chake.

Niseme na hili, maana watu hurudi wamenuna: ukienda kutafuta ngome ya enzi za kati iliyobaki vilevile, hutaipata. Mnara mkuu wa kale ulisambaratishwa kwa mizinga ngome ilipozingirwa kati ya 1571 na 1573, na ule ukuta mnene wa nusu duara unaouona kwenye picha zote ulijengwa baadaye juu ya kifusi chake. Ukumbi mkubwa wa mwaka 1511 una paa la mbao la kweli la zamani, lakini mapambo ya ukutani ni ya wakarabati wa karne ya 19. Mimi halinisumbui. Nyumba iliyokaliwa miaka 900 lazima iwe na viraka.

Ndani ya jumba la kifalme foleni ya taji inakwenda polepole na picha hairuhusiwi. Kifaa kitakusimulia mengi, ila shika moja: majeshi ya Cromwell, yaliyovamia kutoka Uingereza, yalipolitafuta taji, lilitoroshwa na mke wa mchungaji na kufukiwa chini ya sakafu ya kanisa la kijijini, likakaa humo miaka. Baadaye, Scotland na Uingereza zilipoungana mwaka 1707, likafungiwa kwenye sanduku ndani ya chumba hikihiki, watu wakadhani limepotea, hadi mwandishi Walter Scott alipofungua chumba mwaka 1818 akalikuta. Na kama unakwenda kwa ajili ya lile Jiwe la kutawazia wafalme, lililochukuliwa na Edward wa Kwanza mwaka 1296 na kurudishwa 1996, halipo tena hapo. Tangu Machi 2024 liko jumba la makumbusho la Perth.

Karibu na hapo kuna kichumba ambacho watu hukipita kwa sekunde kumi. Mama alikaa humo robo saa. Ndimo Malkia Mary wa Scotland alimojifungulia, tarehe 19 Juni 1566, mtoto aliyekuja kuwa James wa Sita, na ambaye mwaka 1603 alirithi na kiti cha Uingereza. Kuta zimefunikwa mbao, dari imechorwa. Mapambo hayo yaliwekwa mwaka 1617 mwenyewe alipokuja kutembelea nyumbani. Nikaanza kumweleza habari za kuunganika kwa mataji mawili. Hakuwa na habari. Alikuwa anapima chumba kwa hatua.

"Kitanda kikikaa hapa, mkunga anasimama wapi?"

Nikasema sijui.

"Hapa. Mlango uwe nyuma yake. Na wale waheshimiwa wa kushuhudia wangekaa nje, wanamaliza hewa." Akatikisa kichwa. "Dirisha moja!"

Wazungu wawili wenye hedifoni walitutazama, wakahisi kuna jambo wanalikosa. Walikuwa na haki.

Sasa mzinga mwingine, si ule Mons Meg. Kila siku, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, wanapiga mzinga mmoja kwa saa ya Kizungu "saa moja", yaani yetu saba mchana. Usimkosee mgeni wako hesabu hiyo. Ulianza mwaka 1861 ili manahodha wa meli bandarini Leith warekebishe saa zao. Wenyeji hutania kwamba ni ubahili: saa sita mchana, ambayo kwa Kizungu ni kumi na mbili, wangepiga mara kumi na mbili. Kaa sehemu nzuri dakika ishirini kabla, na mwambie mzee wako mapema kwamba utalia, kwa jina la Mungu mwambie. Mimi nilisahau. Ulipolia Mama alinikamata mkono, akavuta pumzi, akarekebisha mtandio, kisha akauliza kwa utulivu, "Hawa wanafuturu mchana?"

Upepo wa kule juu hauna heshima na mtu, hata Julai. Beba sweta, na kama una mama, beba mbili. Chakula cha mkahawani bei yake inapanda na mlima. Sisi tulikuwa na vitumbua ndani ya kopo, tukala tumekaa ukutani tukiangalia bahari upande wa kaskazini, na hatukuona aliyetuzuia.

Magereza ya chini tuliyapita haraka, hewa nzito na sauti za wafungwa zinazopigwa kwenye spika zilimchosha. Jumba la kumbukumbu za vita tuliliacha kabisa. Mkitoka ngomeni na vituo vitano mnavyovikumbuka, hela ya tiketi imerudi.

Jioni kwenye treni nilidhani amelala. Tulikuwa tumeshavuka mpaka, bahari iko kushoto, taa zimeanza kuwaka. Akafumbua jicho moja.

"Na yule msichana?"

"Msichana gani, Mama?"

"Wa yule mtoro. Alimwoa?"

Nikamwambia kifaa hakikusema.

"Hukusikiliza mpaka mwisho," akasema, akafumba jicho.