Mkuu wa Igombe, hayo magunia ya mavi ya kuku usiyafungue

Umesema shamba ni mchanga wa ufukweni mwa ziwa, na umesoma kwamba jangwani Negev konokono hula likeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, zinazoota ndani ya mawe ya chokaa, kisha mavi yao yanauongezea udongo naitrojeni. Basi na wewe Jumamosi unamwaga mavi ya kuku mabichi kwenye mashimo ya nyanya.

Nilifanya hivyo hivyo mwaka 2019, kwenye luseni, yaani mchanga mtupu. Jamaa mmoja wa grupu letu la wakulima, picha yake kavaa koti jeupe, aliniambia mchanga una njaa, ulishe mpaka ushibe. Nikalisha! Mavi yametoka bandani asubuhi, debe zima kwa mashimo matatu, jioni miche ikaingia. Siku ya tatu kingo za majani zimekauka kama zimepigwa pasi. Nikadhani ni kiu, nikawasha pampu, nikaongeza maji ya ziwa. Ndiyo nikamaliza kuiua. Siku ya saba miche 1,100 imebaki vijiti. Mke wangu akauliza kama nimepanda njiti za kiberiti, nikamwambia hii ni aina mpya, haina majani ili wadudu wakose chakula.

Mtaalamu nilipomtumia picha akajibu, "Miche yako ilikuwa dhaifu," kisha akajitoa kwenye grupu. Koti lile sijui alikuwa anauza nyama.

Sikiliza. Kuku hakojoi pembeni, mkojo wake ndio ule weupe juu ya mavi. Ukipata unyevu unazaa amonia, ile inayokutoa machozi bandani, na mizizi haina pa kukimbilia. Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, ungeishika kiasi, mchanga haushiki kitu: kwanza amonia inaunguza mizizi, kinachobaki kinazama na maji. Konokono wa Negev anaacha kitone hapa, kitone pale, miaka na miaka. Wewe unaleta magunia sita kwa siku moja, hata jangwa lingekimbia.

Na mavi hayageuki mbolea nzuri mpaka yaoze. Kwenye majangwa ya Marekani kuna malundo ya mavi na takataka yaliyokusanywa na panya mapangoni, yamegandishwa na mkojo wao, mengine yana zaidi ya miaka 40,000 na hayajaoza, kwa sababu ya ukavu. Kuoza kunataka unyevu, hewa, vijidudu na muda.

Kwa hiyo IOZE NJE YA SHIMO. Changanya na maranda na majani makavu, loanisha, geuza kila wiki. Zamisha mkono katikati ya lundo. Ukiuchomoa haraka kwa joto, bado halijaiva. Langu huchukua miezi mitatu, na siku hizi sipandi kabla halijapoa na kunukia udongo, hata mvua za vuli zikinipita.

Jumamosi chukua koleo, lundo liweke upande wa juu kabisa wa shamba na ulifunike. Mvua ikiliosha mpaka ziwani utakuwa unalisha magugu maji, na yale hayajawahi kulalamika njaa.