2147483647 ni nambari tasa: uthibitisho wa kalamu na karatasi

Ndugu muulizaji, umesema programu ya mahesabu ya duka lako hapo Malindi imegota kwenye 2147483647, ukasikia kuwa nambari hiyo ni tasa (haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe), sasa wataka uthibitisho usiotegemea kompyuta. Upo. Mwanahisabati Euler aliutoa mwaka 1772, nami nimeupitia na vijana wangu wa tuisheni huku Langoni, Lamu.

Aliyenitangulia kukujibu anasema: nambari hii ni 2^31 − 1 (yaani 2 thelathini na moja zikizidishwa pamoja, kisha utoe 1), na kwa kuwa 31 ni tasa, nayo ni tasa. Haitoshi. 11 pia ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89.

Njia ya kawaida ni kugawa kwa kila tasa mpaka kipeuo cha pili, 46,340 na ushei. Hizo ni tasa zaidi ya 4,000, na vijana walinuna kabla hawajaanza! Euler alijiuliza kwanza: kama ipo tasa q inayoigawa, itakuwa ya namna gani? Gawa 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa q, utaona mabaki yanazunguka na kurudi 1. Hapa 2^31 inabakiza 1, na 31 ni tasa, basi mzunguko una hatua 31 kamili. Kwa kanuni ya mwanahisabati Fermat, 2^(q−1) nayo hubakiza 1 ukiigawa kwa tasa q, hivyo 31 lazima iigawe q − 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q − 1 inagawika kwa 62. (Rudi kwa 23 na 89: ukitoa 1, zote zagawika kwa 22.)

Kisha, 2^32 inabakiza 2, na 2^32 ni mraba wa 2^16. Jambo hilo huwezekana tu ikiwa q ukiigawa kwa 8 inabakiza 1 au 7. Unganisha masharti mawili: q ni 248k + 1 au 248k + 63.

Hapo hata wavivu waliomba kalkuleta. Zilizobaki chini ya 46,340 hazifiki 400, na nyingi si tasa: 63 na 249 zagawika kwa 3. Ya kwanza ya kujaribu ni 311. 311 × 6905092 = 2147483612, baki 35. Inayofuata ni 1303. Gawaneni kazi, lakini msiamini desimali. Kalkuleta ya tarakimu 10 yaweza kukata mkia na kuficha baki. Zidisheni mrudi. Hakuna hata moja inayoingia.

Ila programu yako haikugota kwa utasa. Nafasi ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1), moja ikiwa ya alama ya hasi, huishia hapo. Kama inahifadhi senti, kikomo ni shilingi 21,474,836.47. Fundi aihamishie biti 64, akague na tarehe pia: mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itafika kikomo hicho 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu.