Oktava mbele, distoshani nyuma yake

Kaka, umeuliza zile pedali zako tano (visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti) za gitaa la besi zifuatane vipi. Ningepanga hivi kutoka kwenye gitaa: tyuna (ya kupimia nyuzi), oktava (inayoshusha noti oktava moja), kompresa (inayosawazisha nguvu ya sauti), distoshani (inayokwaruza sauti), kisha korasi (inayoifanya sauti iwe kama ya magitaa kadhaa) ndiyo iingie kwenye ampu.

Oktava ndiyo yenye kudeka. Inataka noti moja, tena safi, ndiyo iishushe vizuri. Ukiiweka nyuma ya distoshani, au ukigonga nyuzi mbili kwa pamoja, inachanganyikiwa na kuanza kukoroma. Na hata ikiwa mbele, waya wa E, ule mnene kuliko yote, ukiupiga wazi bila kuubana usitarajie makubwa: ile ni kama hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), ukiigawa nusu unabaki na 20 na ushee, na spika nyingi za besi haziifikishi. Panda freti ya saba kwenda juu, hapo utaisikia.

Distoshani yako kama ina kinobu cha blendi (cha kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa), ruhusu sauti safi ipite kidogo, la sivyo besi itakonda mara tu ngoma zikiingia. Korasi wala isikuumize kichwa.

Ila ukija kuongeza otowa (pedali inayotoa sauti ya "wa-wa"), itangulize kabla ya kompresa. Yenyewe hufunguka kwa nguvu ya kidole, na kompresa kazi yake ni kuisawazisha nguvu hiyohiyo.