Unataka kusomea ualimu wa sanaa? Soma hii kabla hujajaza fomu ya KUCCPS ya kuomba nafasi ya chuo hapa Kenya

Naulizwa hili swali sana, haswa mwaka huu wa 2026 Grade 10, mwanzo wa sekondari ya juu ya mtaala mpya, imeanza na watu wameona sanaa imepewa nafasi yake kwenye mtaala, na swali huja vile vile kila mara: mwalimu mimi nachora vizuri, unaonaje nikisomea ualimu wa art? Nami kabla sijajibu chochote huwa nauliza, ukimwona mtu anachora uso na jicho ameliweka karibu na sikio, mkono wako unakuwasha umnyang'anye penseli umrekebishie? Manake kuchora vizuri ni jambo moja, na kukaa kando ya mtu anayechora vibaya ukamwacha ahangaike mpaka aone mwenyewe ni jambo lingine kabisa, na mshahara utalipwa kwa hilo la pili.

Nieleze vile inakuwa darasani. Nikiwapa wanafunzi wapya mtungi wauchore, karibu wote wanachora mdomo wa mtungi duara kamili kama sarafu, alafu kitako wanakinyoosha kwa rula. Wanachora mtungi wanaoujua, sio ule wanaouona kutoka pale walipokaa. Sasa hapo unaweza kuchukua penseli ukamwonyesha haraka haraka, atafurahi, na kesho atarudia yale yale. Mimi nauinua ule mtungi mpaka mdomo wake ulingane na macho yao, nauliza mnaona nini, wanasema mstari. Naushusha kidogo, wanasema yai lililobanwa. Nauweka sakafuni nawaambia wasimame wauangalie kutoka juu, ndo sasa duara linatokea. Bado sijachora kitu. Alafu naurudisha mezani na kila mara kuna mmoja atapaza sauti "madam, kumbe!" na wenzake wanaanza kufuta. Kama hiyo kumbe ya mtoto wa mtu itakupa raha kuliko picha yako mwenyewe ikisifiwa, basi njoo, hii kazi ni yako, na nasema kwa moyo wangu wote. Kama haikupi raha hiyo, chora, uza kazi zako, fanya usanii wenyewe, hakuna ubaya wowote, lakini usiende kujifungia darasani na watoto arobaini ambao wanakuchelewesha kufika kwa turubai yako ya kuchorea.

Siku hizi kuna pia hii ya simu. Mtoto anafungua picha ya mtu aliyechorwa na mtu mwingine huko mbali, anainakili kivuli kwa kivuli, watu wanashangilia, na ukimwambia amchore bibi yake anayeuza mabuyu pale nje hawezi kuanza. Marehemu au aliye hai, kila mchoraji wa huku kwetu ameshasikia maneno ya Elimo Njau, yule mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na kuanzisha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nayaandika ubaoni mwanzo wa muhula. Simu siikatazi, tunaitumia kuangalia kazi za watu, ila mchoro wa kupewa alama lazima uwe wa kitu kilichokuwa mbele ya macho.

Haya, tuje kwa mambo ya kazi yenyewe, hapa wengi wanaingia bila kuambiwa ukweli.

TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, haitakuajiri kwa sanaa peke yake. Mwalimu wa sekondari anatakiwa awe na masomo mawili ya kufundisha, na alama zinazoangaliwa ni C+ ya jumla kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na C+ kwa kila moja ya hayo masomo mawili. Kwahiyo kama shule uliyosoma haikuwa na Art and Design na hukuifanya kwa mtihani, usilipe karo popote kwanza, nenda kaulize chuo na uulize TSC wenyewe kama utasajiliwa, usitegemee neno la rafiki. Na hilo somo la pili usilichague kama spea, lichague kama lile utakalofundisha miaka mingi, manake huenda ndo litakalokupa kazi. Langu ni Kiswahili. Kuna shule nimefundisha ambako vipindi vyangu vingi vilikuwa vya Kiswahili na sanaa ilikuwa vichache vya mwisho wa siku, na nilishukuru Mungu kwamba Kiswahili nakipenda pia.

Sababu yake ni hii. Kwenye KCSE ya 8-4-4, ule mfumo wa zamani, sanaa iko kundi la nne la masomo, kundi moja na kilimo, sayansi ya nyumbani, kompyuta, useremala na mengine, na shule nyingi zikilazimika kuchagua zilikuwa zinachagua kilimo kwa sababu shamba liko na mwalimu yuko. Kwahiyo shule zenye sanaa ni chache, na nafasi zikawa chache. Hiyo KCSE ya zamani inaisha na kidato cha nne cha 2027. Kwenye mfumo mpya kuna mikondo mitatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na huu wa mwisho ndani yake kuna muziki na dansi, maigizo na filamu, michezo, na sanaa yetu hii ya kuchora, kuchonga na kufinyanga. Mimi naona mlango umefunguka kuliko wakati wowote tangu nianze kazi. Ila usidanganyike kwamba kila shule itafungua mkondo huo, nyingi zimeegemea STEM, na shule iliyoufungua inaweza kuwa mbali na kwenu, kwahiyo uwe tayari kufunga virago.

Na pesa. Wengi wetu tunaanza kama walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule, shule inakulipa inachoweza na wakati mwingine mwezi unaisha hujaona kitu, au unaingia intern, mwalimu wa mafunzo kazini, na huko sekondari ya chini intern alikuwa anapewa elfu 20 kwa mwezi kabla ya makato. Ukipata ajira ya kudumu na digrii yako unaanzia gredi ya mshahara ya C2. Panga maisha yako ukijua hicho kipindi cha kati kipo, usikope kwa matumaini ya barua ya ajira.

Vifaa sasa. Hapa ndo naweza kuongea mpaka kesho. Bajeti ya sanaa huwa ya mwisho kufikiriwa, rangi za poster zinaisha mapema, karatasi nene za kuchorea za cartridge ni ghali, na mzazi aliyenunua seti ya penseli za HB anaona amemaliza, ukimwambia kuna 2B na 4B na 6B, zile laini zenye weusi zaidi, anadhani unamchezea. Jifunze kutengeneza. Makaa ya kuchorea nayatengeneza na wanafunzi: tunakusanya vijiti vyembamba vilivyonyooka, tunachuna maganda, vikikauka tunavishindilia kwenye kopo la maziwa la bati, tunafunika, tunatoboa tundu dogo juu moshi upate pa kutokea, alafu kopo linawekwa kwenye moto wa kuni. Moshi ukikoma kutoka, toa kopo, na usilifungue mpaka lipoe kabisa, ukilifungua likiwa moto hewa inaingia vijiti vinawaka unabaki na jivu. Kwa uchapaji wa picha tunakata soli za ndala kuukuu, tunazibandika kwa gundi kwenye kipande cha mbao, tunachonga humo humo. Batiki ni nta ya mishumaa na kitambaa cha marikani. Rangi ya kahawia tunapata kwa udongo mwekundu uliochujwa na kuchanganywa na gundi, na binzari inatoa manjano safi sana ingawa jua linaipausha.

Na usisahau nje ya darasa. Sisi wa Mombasa tuna wachongaji wa Akamba pale Changamwe, mtoto akikaa pale akamwona fundi anavyoanza na gogo na tezo mpaka twiga atoke, ataelewa maana ya kuondoa na kubakisha kuliko nikiongea muhula mzima. Nakshi za milango ya Lamu, kanga za mama zao, mikeka ya ukili, yote hiyo ni silabasi imelala nje inakungoja.

Wazazi watakuuliza. Kuna mama mmoja alikuja siku ya wazazi akaniuliza kwa upole kabisa, "mwalimu, hii kuchora itamlisha mwanangu?" Nikamwambia mama, shati ulilovaa kuna mtu alichora maua yake, hilo pakiti la majani ya chai kuna mtu alilichora, kiti ulichokalia kuna mtu alikichora kwanza ndo seremala akaunda. Nikamwonyesha daftari la mtoto. Hakusema mengi ila muhula uliofuata mtoto alikuja na penseli za B. Stafrumu pia utasikia maneno, utaitwa kila ikija sherehe uandike bango na upambe jukwaa, saa zingine katikati ya kipindi chako. Pamba, ni heshima kusaidia shule yako, lakini kipindi cha wanafunzi kisilipwe kwa maputo, na hilo mwambie prinsipo mapema kwa adabu, sio siku ya sherehe.

Kazi zako mwenyewe usiziache zife. Wanafunzi wanajua mwalimu anayechora na yule aliyeacha, wanaijua hata kwa jinsi unavyoshika penseli. Mimi Jumamosi asubuhi ni yangu, hata kukiwa na rundo la projekti za kusahihisha, nachora kwanza.

Na ukiitwa intavyuu mahali, kabla hujasaini omba uonyeshwe chumba cha sanaa. Angalia kama kuna bomba la maji karibu, kama kuna kabati lenye kufuli la kuweka projekti za watahiniwa, manake projekti ikilowa mvua au ikiliwa na mchwa ni alama za mtoto zimeenda, na kama dirisha linaingiza mwanga wa kutosha jioni. Kikikosekana kitu kitaje siku hiyo hiyo, prinsipo husikiliza zaidi kabla hujaripoti kazini.